Mfuko Usiochunguliwa

Jumanne ya tarehe kumi na nne Januari, mwaka 1997, ndiyo siku mambo ya Melchior yalipokwenda mrama. Mkewe Antoinette alikuwa amejifungua alfajiri, mtoto wa kike, na mtoto alilia vizuri tu, lakini damu ya mama ilikataa kukatika. Muuguzi wa zahanati ya kambi, mtu mzima mwenye huruma, alisema wazi kwamba hapo mikono yake imefika mwisho; mgonjwa apelekwe Lilongwe, tena sasa hivi. Melchior akatoka mbio mpaka ofisini. Gari lilikuwa moja. Cyrille, mtu wa Bukavu kama yeye, msomi, aliyetangulia kufika kambi ya Dzaleka, huku Malawi, akachaguliwa kuwa prezida wa wakimbizi, akamwambia gari limekwenda mjini kuchukua viti vya mkutano wa wakubwa, asubiri, halitakawia. Melchior akasubiri. Viti vilifika alasiri, vya plastiki, vyeupe, vimepangana vizuri. Antoinette alikuwa ameshakata roho tangu adhuhuri.

Tangu siku hiyo Melchior hakukalia kiti cha plastiki. Alikalia tofali.

Alikuwa fundi mwashi. Shule aliiacha darasa la tatu, na hakuwahi kuona hasara yake mpaka alipoanza kuishi chini ya watu walioimaliza. Kwake yeye, dunia ilikuwa na makabila mawili: wakubwa, na wanaongoja gari. Wakubwa wa Kinshasa walikula nchi, wakubwa wa vita walikula Bukavu, na sasa, huku ugenini, ndani ya kambi iliyokuwa gereza ambalo wenyeji bado walilitaja kwa sauti ya chini, wakubwa wengine walikula saa za mgonjwa. Cyrille alipokuja msibani kumpa mkono, Melchior aliutazama ule mkono kama mtu anavyotazama fagio, akaendelea kukoroga udongo wa kuzibia ufa wa ukuta.

Kikabaki kitoto. Alikiita Charlène, jina ambalo mama yake alikuwa amelichagua. Jirani yao Sumaya, Mwislamu wa Kindu, alikuwa na mwana wa kunyonyesha, na siku za kwanza alimchukua Charlène bila kuombwa akampa ziwa la pili. Lakini ziwa la mwanamke anayekula mara moja kwa siku si chemchemi. Haikupita muda likaanza kukauka, na watoto wote wawili wakawa wanalia kwa zamu, huyu akinyamaza yule anapokea.

Ndipo Jumatano moja wakaja watu wawili mlangoni. Mmoja alikuwa Vénérande, mama mshonaji, mnene wa sauti na mwembamba wa mwili. Wa pili alikuwa Jérôme, mzee wa Burundi aliyekuwa fundi wa redio enzi zake. Walikuwa watu wa chama cha Mtakatifu Visenti, ambao kazi yao ni kutembelea wenye shida, na siku zote huenda wawili wawili. Hawakuhubiri. Jérôme alikaa akamsifu mtoto kwamba ana masikio ya mwanamuziki. Vénérande akafungua kitambaa, akatoa kopo la maziwa ya unga.

Melchior akauliza kopo limetoka wapi.

"Limefika, Papa Charlène," Vénérande akasema. "Maji ya moto iko?"

Jumatano iliyofuata wakaja tena, na nyingine tena. Kila mara kopo, kila mara lile swali, na kila mara lile jibu lisilojibu.

Sasa, Melchior alikuwa amekulia Kadutu, mtaa wa Bukavu, kando ya parokia yenye bohari. Kila mtoto wa Kadutu alijua bohari ni nini: jengo la mabati, ndani magunia mpaka darini, na mlangoni mtunza funguo ambaye hakuoni mpaka umjue shangazi yake. Sadaka ilitoka bohari kama maji yanavyotoka kwenye bomba. Aliyeshika bomba ndiye aliyeoga kwanza. Kwa hiyo Melchior hakuhitaji kufundishwa hesabu. Kama kopo limefika kwake, basi nyuma ya kopo kuna bohari. Kama kuna bohari, kuna wakubwa wake. Na kama yeye anapata kopo moja, mtunza funguo anapata katoni. Chakula cha mwanawe kilikuwa kinapita kwenye mikono inayojilamba, na mwanawe alikuwa bado mwepesi kama kuku wa kiangazi. Akaapa atawashika.

Njia ya kumshika mwizi ni kuingia nyumbani mwake. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, baada ya ibada, Melchior akamwacha mtoto kwa Sumaya akaenda kwenye mkutano wa watu wa Visenti. Hakuna aliyemwuliza amefuata nini. Walimsogezea mkeka.

Walikutana ndani ya chumba kimoja cha gereza la zamani, dirisha lake dogo liko juu kuliko kichwa cha mtu. Walikuwa kama kumi na kitu. Wajane, mzee Jérôme, msichana anayesuka nywele, mume na mke kutoka Ngozi, Burundi, wasiosema sana. Na kwenye kona, kwa mshangao wake, Cyrille, amekaa chini kama wengine, kalamu ikiwa mfukoni mwa shati. Melchior akajisemea: nimefika penyewe.

Walisema mambo ya wagonjwa, nani amelala, nani ameamka. Jina la mtoto wake halikutajwa, wala jina la yeyote aliyekuwa akipewa kitu. Mwishoni Vénérande akatoa mfuko. Alikuwa ameushona kwa mguu wa suruali nene, akaufunga chini, na ulikuwa mrefu hata mkono uliingia mpaka kiwiko. Akamwelekeza mgeni kwa maneno machache. Mkono unaingia umefumbwa, unatoka umefumbwa. Mwenye kitu amekiacha huko ndani. Asiye na kitu hajaonekana. Na aliyezidiwa na njaa kuliko wenziwe, anaruhusiwa kutoka na kilichomo, na hakuna macho ya kumfuata.

"Na mwizi je?" Melchior akauliza.

"Mwizi njo yule mwenye njaa ambaye hayajasema," Vénérande akajibu. "Mfuko haijui kubagua."

Wakaanza Salamu Maria, nyuso chini, na mfuko ukazunguka. Melchior peke yake aliinua macho. Aliona ngumi zikiingia na kutoka, zote za namna moja, kama watu wanaopiga mlango mmoja. Hakuona chochote zaidi. Hasira ikampanda. Mfuko ulipomfikia alitia mkono mtupu, akagusa chini baridi ya maharage, na shetani au machungu, mojawapo, akamwambia: jaribu, uone kama kweli hawatazami. Akajaza ngumi. Akaitoa imevimba waziwazi, punje moja ikadondoka kwenye mkeka, kwaa.

Sala haikukatika. Mke wa mtu wa Ngozi, aliyekaa ubavuni pake, alifunika ile punje kwa upande wa kitenge chake, polepole, bila kugeuka.

Melchior alirudi nyumbani akapika yale maharage, akayala yote. Yalikuwa yameiva vibaya, mengine yamepasuka na mengine magumu kama kokoto, na yalimkaa kifuani siku nzima.

Jumatano iliyofuata kopo lilikuja dogo. Lilikuwa lile la kipimo cha chini, ambalo mtoto wa umri ule analimaliza kabla hujajua umelifungua. Vénérande aliliweka chini akasema pole, safari hii limepatikana hilo. Siku mbili kabla ya Jumatano nyingine maziwa yakaisha. Melchior akamnywesha mtoto maji ya uji. Charlène akalia mpaka sauti ikageuka mkwaruzo, halafu akaacha kulia, na huko kuacha ndiko kulikomtisha baba yake. Aliona tena ile asubuhi ya Jumanne, anangoja, anangoja. Safari hii hakungoja. Alimbeba mwanawe mgongoni kama mwanamke, akasimama barabarani, akapanda matola, nyuma ya pikapu ya magunia, mpaka Lilongwe, kwenda kuidai bohari.

Kwenye parokia aliyoelekezwa alimkuta sista wa Kimalawi anapanga vitabu vya nyimbo. Melchior alikuwa ameandaa maneno yake njia nzima, akayatoa kwa mpigo, Kiswahili na Kifaransa cha kuokoteza, na vidole vikisonta kila mlango. Afungue bohari. Mtoto huyu hapa, aone mwenyewe. Sista alijua Kiswahili kidogo. Alimsikiliza mpaka akaishiwa. Kisha, badala ya kubishana, akamzungusha. Akafungua mlango wa kwanza, mishumaa na majoho. Wa pili, majembe na pampu iliyokufa. Wa tatu, jiko, na humo akachukua kikombe cha maziwa yake mwenyewe ya chai, akayapasha, akamnywesha Charlène kijiko kwa kijiko mpaka rangi ikarudi midomoni.

Hatuna bohari, alimwambia. Hatujapata kupeleka maziwa kambini. Anayenunua maziwa ya watoto wa kambi yako ni Asumani, yule Mwislamu wenu; hupita hapa na makopo yake. Nenda Old Town, karibu na depo ya mabasi, utamkuta.

Melchior alisimama na mtoto wake kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haina mlango. Asumani alikuwa mume wa Sumaya. Aliishi ukuta kwa ukuta na yeye.

Old Town, mji wa zamani, ilikuwa inachemka. Maduka ya Wahindi milango wazi, wapagazi wanapiga mluzi kusafisha njia, na pembeni, chini ya kibaraza cha muuzaji wa jumla, Asumani alikuwa amekaa kwenye gunia lililotandazwa, mbele yake kilima cha maharage. Alikuwa anachambua. Mekundu huku, ya njano kule, yenye madoa pale, meusi peke yake. Alimwona Melchior akatabasamu kwa aibu, kama mtu aliyefumaniwa akioga.

"Karibu, jirani. Njo kazi yetu hii," akasema. "Muhindi ananipa kopo ya maziwa kwa maharagi, lakini haitake ya kuchanganyika. Anasema hii ni maharagi ya kuomba-omba, kila punje iko na mama yake."

"Yametoka wapi?"

"We unajua kwenye yametoka. Ulikuwa kule."

Melchior akachuchumaa. Akaona kile kilima kwa mara ya kwanza. Hapa kulikuwa na ngumi ya maharage ya mgao, yaliyozeeka na kufifia. Pale ngumi ya yale madogo ya njano ambayo wake wa Burundi huyalima nyuma ya nyumba. Hapa mahindi machache yaliyokosa njia. Kila ngumi ilikuwa bado inajulikana, kama vile mkono haujatoka. Na katikati, Asumani alikuwa ametenga rundo dogo la vijiwe, laini, vya ukubwa wa punje.

"Na hivi?"

Asumani aliacha kuchambua. Alitazama huku na huku. Halafu akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kila juma vinakuwemo. Mtu asiye na kitu anaogopa mkono wake usije ukaingia bila mlio, wenzake wakasikia ule ukimya wakamhurumia. Basi anaokota vijiwe njiani. Yeye anavitoa, anavirudisha barabarani, na hajawahi kumwambia Vénérande, maana naye angeumia. "Amana," alisema. "Na miye si mutu wa kanisa lao. Bananipa kwa sababu naijua soko. Nikila punje moja, nitamwambia nini Mungu? Wa kwao na wangu ni mumoja."

Melchior akauliza kwa nini kopo la juma lile lilikuwa dogo.

"Maharagi yalipunguka kidogo. Ngumi moja hivi. Muhindi akakataa kopo kubwa. Nilimubembeleza, akakataa." Asumani akainua bega. "Alikuwako mwenye njaa. Njo sheria yao. Kila mutu ana siku yake."

Charlène alikuwa amelala mgongoni, pumzi yake inagusa shingo ya baba yake. Melchior aliketi kwenye gunia, akavuta upande wake wa kilima, akaanza kuchambua. Mekundu huku, ya njano kule. Vidole vya mwashi ni vizito, punje zilimponyoka. Watu wa mji walipita na viatu vyao, magari ya wakubwa wa serikali wa Capital Hill yakapiga honi kwenye mzunguko, na yeye akiwa ameinama juu ya ngumi za watu wasiojua zinamlisha mtoto wa nani, akahisi nywele za mikono zinamsimama. Tangu utoto wake aliinua macho juu akitafuta inakotoka sadaka. Kumbe ilikuwa inatoka chini. Ilikuwa inapanda.

Juma lile kopo lilikuwa kubwa.

Kisha, katikati ya Machi, malori ya mgao hayakuja. Wakubwa walisema daraja. Baadaye walisema karatasi. Baadaye hawakusema kitu, na ofisi ikafungwa mapema. Kambi nzima ikawa na harufu ya majani yanayochemshwa. Watu waliacha kutembeleana, maana kumkuta mtu na sufuria yake ni kumwaibisha. Sumaya alimwachisha ziwa mwanawe mwenyewe. Nyumbani kwa Melchior kopo lilikuwa limebaki unga wa kukwangua kwa kijiko.

Jumapili ilipofika alikwenda kwenye mkutano akiwa na nia moja. Alikuwa amepata kibarua cha kupiga lipu ukuta wa mwanakijiji wa jirani, mtu wa Kichewa, akalipwa karanga mbichi na zikomo nyingi, asante za kwao. Zile karanga, konzi moja, alizibeba. Lakini hakwenda kutoa tu. Alikwenda kuwakataza. Kabla Vénérande hajaushika mfuko, alisimama.

"Leo hapana," akasema. "Mi najua mfuko huu unakwenda wapi. Unakwenda kwangu. Kaeni na chakula yenu. Mutoto ni wangu, kama ni kufa, atakufa akiwa wangu."

Jérôme alikuna kidevu. Cyrille akatazama magoti yake.

"Umemaliza?" Vénérande akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi keti, Papa Charlène. Umevunja kanuni, hapa hakuna anayetaja nani anapewa. Na mutoto si yako peke yako ya kumpa kifo. Keti tuombe."

Mtu wa Ngozi, ambaye Melchior hakuwahi kumsikia akisema neno, akasema kwa upole kwamba mgeni akae tu, ukuta wa gereza hauangushwi na mtu aliyesimama. Wachache wakacheka kwa pua. Melchior akaketi.

Mfuko ukazunguka. Sauti za Salamu Maria zilikuwa nyembamba, za watu wanaoweka akiba ya pumzi. Ngumi zikaingia, ngumi zikatoka. Melchior akatia karanga zake, na kila mtu angejua ni zake, na hakuna aliyeinua uso. Ulipomfikia Vénérande mwisho, aliupima mkononi, akapima tena. Hakuwa mama wa kushangaa. Akashika mfuko kwa chini akaumwaga kwenye mkeka.

Maharage yalikuwa mengi. Hata wiki za mgao hayakuwahi kuwa mengi hivi. Na hayakuwa ya rangi nyingi. Yalikuwa yote ya kijivu, karanga tu zikitokeza katikati, na vumbi jembamba likapanda kwenye mwanga wa lile dirisha la juu. Melchior akaokota moja, akalifuta kwa kidole gumba. Chini yake lilikuwa jekundu, linang'aa, zima, halina tundu la mdudu. Akalinusa. Majivu.

Hakuhitaji kuelezwa. Kijijini Kabare, kwa bibi yake, maharage ya namna hiyo yalikaa ndani ya kibuyu juu ya moshi wa jiko, yamefukiwa kwenye majivu yasiliwe na bungua. Hata mwaka wa njaa kibuyu kile hakikushushwa. Mtoto aliyekigusa alichapwa na wazee wa nyumba tatu. Lala na njaa, bibi alikuwa akisema, usilale na mbegu yako tumboni.

Hawa walikuwa wameshusha vibuyu vyao. Hakuna aliyekuwa ameambizana na mwenzake, aliliona hilo nyusoni mwao, kwa jinsi kila mmoja alivyotazama rundo kisha akatazama jirani, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Vidole vyote vilikuwa vyeupe. Vya msichana wa nywele, vya wajane, vya mume na mke wa Ngozi. Hata vya Cyrille. Majivu yalikuwa yamemwingia kwenye mistari ya kiganja chake na kwenye kucha, na alikuwa hayafuti.

Melchior aliyatazama majivu ya Cyrille kwa muda mrefu. Hayakumrudisha Antoinette. Hayakuwa gari. Lakini yalikuwa pale, na yeye hakujua ayaweke wapi ndani ya dunia yake ya makabila mawili. Akainamisha uso, kama alivyoinamisha wake, alifikiri, yule mtu wa zamani aliyeona kichaka kinawaka na hakiungui.

Vénérande alianza kurudisha mbegu mfukoni kwa viganja viwili, kwa taratibu, kama anayekusanya kitu kinachopumua. Asumani alikuwa amekwisha kufika mlangoni na gunia lake, anangoja. Kesho alfajiri angepanda matola kwenda Old Town, na Mhindi safari hii asingelalamika juu ya rangi. Charlène angekunywa. Hilo lilikuwa hakika.

Melchior akashika ukingo wa mfuko, si kwa kuuzuia. Huko bondeni, mwezi wa tano, udongo wa bustani walizokodi kwa wenyeji ungekuwa tayari, mweusi, wenye unyevu, na haungoji malori ya mtu.

"Mama Vénérande," akasema, na wote wakasikia, na hata Cyrille akainua uso wake. "Siku ya kupanda ikifika, bantu hawa batatia nini mu udongo?"